CX-5 au Forester kwa safari za kila siku za familia: naomba hoja, ushabiki tuuweke kando

Baba Mutheu (mwenye uzi)

Ndugu zangu, salamu. Gari letu dogo, ambalo limetubeba tangu kabla ya kifungua mimba wetu kuzaliwa, sasa halimalizi mwezi bila kuomba kitu, na mimi na mama watoto tumekubaliana kwamba mwaka huu tulipumzishe. Tumezunguka katika yadi za Ngong Road na Kiambu Road kwa Jumamosi tatu mfululizo, na orodha iliyoanza na magari saba imebaki na mawili. La kwanza ni Mazda CX-5 ya umbo la pili, lile lililoanza kuuzwa Japani mapema mwaka 2017. La pili ni Subaru Forester ya kizazi cha SJ, ile iliyotangulia umbo lililotoka katikati ya mwaka 2018. Yote mawili ni ya petroli, injini ya lita 2.0, na yalisajiliwa Japani kwa mara ya kwanza mwaka 2018, kwa hivyo yalipoingizwa nchini yalipenya katika mlango wa miaka minane ambao kanuni zetu za uagizaji zinaruhusu.

Nieleze maisha yetu, maana najua mtaniuliza. Tunaishi Rongai, ndani kidogo, mwendo wa kilomita moja na nusu ya murram yenye mashimo yanayohamahama kila mvua inyeshapo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunatoka, tunawashusha watoto shuleni upande wa Lang'ata, mama watoto anashukia Mbagathi Way, nami naishia Upper Hill. Kwenda na kurudi ni kilomita 46 hivi, na nyingi kati ya hizo tunazitambaa. Mama yangu huja kwetu kila baada ya miezi miwili kwa ajili ya kliniki ya magoti, akakaa wiki nzima, kwa hivyo familia ya watu wanne huwa ya watu watano. Mara tatu au nne kwa mwaka tunapanda Mbooni, na aliyewahi kupanda milima ile mwezi wa Novemba anajua udongo mwekundu unavyogeuka sabuni.

Kazi ya nyumbani nimeifanya. Forester ina urefu wa milimita 4,595 na upana wa 1,795, ilhali CX-5 ni fupi kwa sentimita tano, yaani 4,545, lakini ni pana zaidi, 1,840. Uvungu wa Forester uko milimita 220 kutoka ardhini, na wa CX-5 uko 210. Nguvu za farasi ni 148 kwa 155. Nikizisoma karatasi hizi usiku naona mapacha, na ndiyo sababu nimekuja kwenu: ni nini kinachoyatenganisha magari haya ambacho karatasi haikisemi? Nawasihi tu, asitokee wa kuniambia ninunue Toyota.

Jirani wa Kiserian

Nunua Toyota Harrier.

Fundi wa Kariobangi

Ndugu Baba Mutheu, msamehe jirani yako. Mimi nina karakana ndogo Kariobangi, magari haya yote mawili huingia kwangu, na sina timu. Tofauti yake imejificha chini ya boneti na chini ya sakafu.

Tuanze na Forester. Injini yake, FB20, ina silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, pistoni zikirushiana ngumi kwa mlalo. Kwa sababu injini imelala, uzito wake uko chini, na gari haliyumbi sana kwenye kona licha ya urefu wa paa lake. Bei ya faida hiyo utailipa siku ya kubadilisha plagi, kwa kuwa zimekaa pembeni, zikitazamana na chesi, na mkono wa fundi hauna pa kupita; kazi ambayo kwenye gari jingine ni ya nusu saa hapa hula sehemu kubwa ya asubuhi. Utasikia pia watu wakikutisha kuhusu gasketi ya hedi na mkanda wa taimingi. Hofu hiyo ni urithi wa EJ, injini za zamani za Subaru. FB, ambazo zilianza kutoka mwaka 2010, zinatumia cheni. Zile za miaka ya mwanzo, hadi 2014 hivi, ndizo zilizopata sifa mbaya ya kula oili, na ingawa unayoitazama ni ya 2018, jizoeshe kuchomoa kijiti cha oili kila baada ya wiki mbili, gari likiwa mahali tambarare, asubuhi kabla ya kuliwasha. Wateja wangu wengi hawajui hata kilipo.

Injini ya CX-5 imejengwa kwa falsafa nyingine. Mgandamizo wake kwa soko la Japani ni 13 kwa 1, ambao ni mkubwa kwa injini ya petroli, na mafuta hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Hapo ndipo uchache wake wa mafuta unapotoka. Lakini petroli isipopitia kwenye mlango wa hewa, vali za kuingizia hewa hazipati wa kuziosha, na baada ya miaka ya safari fupi na msongamano kaboni hujijenga juu yake kama ukoko wa sufuria. Si janga. Ni kazi ya usafi ambayo utaifanya siku moja, na kadiri unavyobadilisha oili mapema, ndivyo siku hiyo inavyochelewa kufika.

Giaboksi ndipo ninapokuomba usome polepole. CX-5 ina giaboksi ya otomatiki ya kawaida, gia sita, unazisikia zikibadilika. Forester ina CVT, ambayo haina gia za kubadilisha. Kuna cheni inayozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Ni laini ajabu kwenye foleni, kwa sababu gari halishtuki hata mara moja kutoka Galleria hadi Bomas. Ila CVT haisamehi mambo mawili, joto na oili isiyo yake. Atakayekuambia kwamba oili ile haibadilishwi maisha yote ya gari, muulize maisha anayoyazungumzia ni ya nani. Mimi huibadilisha kabla ya kilomita 60,000, na huhakikisha ni ile iliyotajwa na mtengenezaji, si ile ya mtungi wa jirani.

Kuna atakayekuvuta uchukue CX-5 ya dizeli, lita 2.2, nguvu za farasi 175. Kwa mtu anayekwenda Mombasa kila wiki ni gari tamu. Kwa Lang'ata Road, hapana. Kichujio cha masizi kwenye ekzosi hujisafisha kwa kuyachoma, na ili kuyachoma kinahitaji moshi wenye joto kali na mwendo wa kasi usiokatika kwa dakika kadhaa. Wewe utakipa wapi mwendo huo, saa kumi na mbili asubuhi?

Kuhusu zile farasi saba za tofauti, zisahau. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu injini isiyo na turbo, yaani isiyosukumiwa hewa, hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake kwa sababu ya wepesi wa hewa. Zote mbili zitakuwa nzito mlimani mkiwa watu watano na magunia. Usizijaribu peke yako kwenye lami tambarare.

Mama Imani

Nashukuru fundi kwa darasa, nami niongeze ya upande wa viti vya nyuma, ambako wanaume wengi hawakai wanapokwenda kununua gari.

Ninaendesha CX-5 ya umbo hilohilo kwa mwaka wa pili sasa. Shemeji, ukirudi yadi, beba viti vya watoto. Sisi tulivibeba, na yule kijana wa yadi akacheka akidhani tumehamia pale. Tulivifunga vyote viwili kwenye ndoano za ISOFIX, kimoja kila dirisha, kisha nikamwomba mama mkwe aketi katikati. Alikaa nusu dakika, akasema kwa adabu kwamba ni pazuri, halafu akaomba ashikwe mkono atoke. Mfupa wa sakafu uliopita katikati ulimlazimisha kukaa magoti yakiwa juu, na viti vya watoto vilimbana mabega pande zote. Wewe una mama mwenye magoti mabovu. Jaribio hilo usiliruke, kwa gari lolote kati ya hayo mawili, na ikibidi mama watoto ndiye akae katikati, mama akae mbele.

CX-5 ina matundu ya kupuliza hewa kwa abiria wa nyuma, na Forester ya SJ haina. Mwezi wa Februari, foleni imesimama, jua linapiga upande mmoja, utayakumbuka matundu hayo. Ina pia breki ya mkono ya umeme yenye kitufe cha kulishikilia gari likisimama, kwa hivyo kwenye mteremko unaondoa mguu na unapumua. Hivi vitu viwili vimenipa raha kuliko nguvu zozote za farasi.

Upande wa pili wa shilingi ni vioo. Mstari wa madirisha ya CX-5 unapanda kuelekea nyuma. Unapendeza ukiutazama kutoka nje. Mwanangu alipokuwa na miaka minne alikuwa anaona mawingu na vilele vya miti tu, na mtoto asiyeona barabara huchafukwa moyo haraka. Nilikaa nyuma ya Forester ya dada yangu nikaona tofauti: vioo vikubwa, vimeshuka chini, ni kama umekaa kwenye veranda.

Upana nao usiudharau kwa sababu ni sentimita nne na nusu tu. Katika ploti yetu kila mpangaji ana nafasi kati ya nguzo mbili. Mimi hukunja vioo vya pembeni, nawashusha watoto kwanza, kisha naingia nikiwa nimeshika pumzi, na bado natoka kwa ubavu na pochi mkononi.

Mhasibu wa Syokimau

Niweke hesabu mezani, kwani naona bado haijaguswa.

Bei za mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati, tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo tukadirie petroli kuwa shilingi 185 kwa lita ili tusibishane. Chukulia kilomita 1,200 kwa mwezi pamoja na safari za wikendi. Forester niliyokuwa nayo, nikipima kwa kujaza tangi hadi juu na kujaza tena, ilinipa kilomita 9 kwa lita mjini. CX-5 ya ofisini, njia ileile na dereva yuleyule, hunipa kilomita 10 na nusu. Hiyo ni lita 133 dhidi ya 114, yaani tofauti ya takriban shilingi 3,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni elfu arubaini na kidogo. Ni pesa, lakini si sababu ya kununua gari usilolipenda, hasa ikiwa lile la bei nafuu ya mafuta linauzwa kwa laki mbili zaidi.

Kama unafikiria kuagiza mwenyewe, ujue ushuru haugawanyi magari haya. Mpaka unaoumiza ni sentimita za ujazo 1,500: chini yake ushuru wa bidhaa ni asilimia 20, juu yake, kwa petroli hadi 3,000, ni 25, na wewe uko juu kwa magari yote mawili. KRA, mamlaka ya ushuru, ikithaminisha gari kwa milioni moja, ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni 350,000. Ushuru wa bidhaa unapigwa juu ya jumla hiyo, 337,500. Kisha VAT ya asilimia 16 juu ya yote, 270,000. Jumla ni 957,500 kabla ya ada ya uagizaji na tozo ya reli. Kwa ufupi, unanunua gari moja na kuilipia serikali la pili.

Tahadhari moja ambayo imewaponza wengi: mwaka 2018 una Forester mbili. Ukiambiwa kwa simu "Forester ya 2018", uliza umbo. Ile mpya ilikuja Japani na injini ya lita 2.5 au ile ya mseto wa umeme, na bei yake ni ya ngazi nyingine. Ndiyo ile ambayo picha zake hutumiwa kukuvutia uende kuitazama ile ya zamani.

Kijana wa Juja

Kwa heshima zote, naona mnamuuzia mzee magurudumu manne asiyoyahitaji. CX-5 inapatikana ikivutwa na magurudumu ya mbele tu, ni nyepesi, na ni nafuu kununua na kutunza. Forester huna hiari, nguvu huenda kote kote siku zote, hata kwenye lami kavu ya Magadi Road. Siku nne za Mbooni kwa mwaka hazihalalishi siku 361 za kuvuta mzigo huo.

Fundi wa Kariobangi

Kijana ana hoja, na kuna gharama ambayo hata yeye hakuitaja: kwenye Forester, tairi moja likipasuka wakati mengine yamelika nusu, huwezi kufunga moja jipya ukaendelea na safari zako. Mizunguko ikitofautiana, klachi ya kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika hadi iungue. Unabadilisha manne, au unatafuta moja lililolika sawasawa na wenzake. CX-5 ya magurudumu manne nayo inataka uangalifu huohuo.

Tukiwa kwenye tairi, tazama rimu. CX-5 za daraja la juu zinakuja na inchi 19, saizi ya 225/55. Zinavutia machoni, lakini ubavu wa tairi ni mwembamba, bei yake ni chungu, na shimo moja la Rongai linaweza kukunja rimu. Tafuta ya inchi 17, 225/65. Ubavu ule mnene ndio shoki yako ya kwanza.

Inua pia zulia la buti. Magari mengi ya soko la Japani huja na chupa ya gundi na kipampu badala ya tairi la akiba. Na uliza betri. Haya yote mawili huzima injini yenyewe yakisimama, kwa hivyo yanataka betri maalumu; ukikuta imefungwa ya kawaida, jua haitadumu.

Baba Mutheu (mwenye uzi)

Kijana, hoja yako nimeipokea, ila nikueleze nilichokiona mwenyewe Novemba iliyopita. Tulikuta gari la magurudumu manne limelala mtaroni, tairi zake zikiwa laini kama kichwa cha mtoto, na mwalimu mmoja wa huko akatupita akipanda taratibu na saluni yake ya kawaida, tairi mpya, gia ya chini. Kwa hivyo naafikiana nawe nusu. Nusu nyingine ni kwamba siku ile nilikuwa na mama garini, na mvua ilikuwa haijaamua kukoma.

Mama Imani

Shemeji, utuletee majibu ya yadi, usituache njiani.

Baba Mutheu (mwenye uzi), wiki tano baadaye

Ndugu zangu, nimerudi kama nilivyoahidi.

Tulibeba viti vya watoto, tukambeba na mama. Katika yadi ya kwanza, ambayo sitaitaja, gari lilikuwa linang'aa kama sahani ya harusi, na dashibodi ilisoma kilomita 64,000. Niliomba karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoandika hali ya gari na kulipa daraja. Ikachukua siku nne kupatikana, na ilipofika ilikuwa ya gari jingine. Nambari tatu za mwisho za chesi hazikulingana. Tukaaga.

Tulipata CX-5 nzuri, nyeupe, rimu za inchi 17, karatasi daraja 4, na Forester ya kijivu yenye daraja 4 vilevile, kilomita zikiwiana na kitabu cha matengenezo. Niliyaendesha yote mawili tukiwa watano, tukapanda mlima, tukashuka. CX-5 ilikuwa tamu zaidi kuendesha, sitawaficha. Usukani wake unaitika kabla hujamaliza kuuliza, na kile kitufe cha breki alichokisema Mama Imani nilikipenda kabla ya kutoka langoni.

Uamuzi aliufanya mama bila kujua. Kwenye CX-5 aligeuka akaketi kwanza, kisha akainua mguu mmoja kwa mikono miwili kuuvusha juu ya kizingiti cha mlango. Kwenye Forester alifungua, akaingia, akauliza tunakwenda wapi. Mutheu, ambaye huchafukwa moyo kila tukipita Bomas, alihesabu pundamilia wa pale kwenye uzio wa mbuga kwa sauti hadi tukarudi yadi, na hakuomba mfuko.

Tumechukua Forester. Mhasibu, zile 3,500 za kila mwezi nimeziandika kwenye bajeti nikijua jina lake. Oili ya CVT imebadilishwa Kariobangi wiki iliyopita, tairi zote nne ni mpya na za aina moja, na kipampu cha gundi kimetoa nafasi kwa tairi la akiba. Feni ndogo ya viti vya nyuma nimeinunua River Road, inachomekwa kwenye tundu la umeme, inapiga kelele lakini inapuliza.

Lililobaki ni redio, ambayo bado inaishia masafa ya Kijapani hadi nitakapofunga kigeuzi, na mwanamke aliyemo ndani ya dashibodi. Kila nikiwasha gari hutangaza kwa Kijapani cha upole kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Fundi alitaka kumnyamazisha, nikamwambia amwache kidogo. Kijana wetu wa miaka mitatu humjibu kila alfajiri kabla hatujatoka langoni: "Hatujambo, nyanya."